Kabla hujauliza "ni i7?": uzi wa kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu

Mleta uzi

Wakuu, habari za Jumapili.

Haipiti wiki sijapata ujumbe wa namna hii: "Kaka, nimepata mashine ya gemu, ni i7, nichukue?" i7 ni daraja tu la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Nikiuliza i7 ya toleo la ngapi, kimya. Nikiuliza ina kadi gani ya picha, najibiwa "ile ile yake ya ndani". Mtu yuko tayari kutoa pesa ya pikipiki kwa sababu ya herufi moja na tarakimu moja.

i7-2600 ilitoka 2011. i7-14700 ilitoka 2024. Zote ni i7, na muuzaji atazitaja kwa sauti ile ile ya kujivuna. Ya kwanza ina kori nne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), na leo inaachwa mbali na i3-12100 ya 2022, ambayo nayo ina kori nne tu. Kinachosema ukweli ni namba iliyo baada ya kistari: 2600 ni toleo la pili, 8700 la nane, 12100 la kumi na mbili. Muuzaji akikataa kukutajia namba hiyo, aga uondoke.

Kosa linalofuata ni kuanza na prosesa. Mimi naanza na kioo, yaani skrini. Kioo cha 1080p kina nukta kama milioni 2.07, cha 1440p milioni 3.7 hivi, cha 4K milioni 8.3. Kadi ya picha inazichora zote hizo, na kwa kioo cha hezi 60 inatakiwa izichore upya mara 60 kila sekunde. Kama ulicho nacho ni TV ya sebuleni ya 1080p na hutabadilisha mwaka huu, kadi ya 4K umenunua mapambo. Na kama gemu zako ni za mpira, GTA V na Valorant, hizo hazina njaa kubwa. Kadi ya kawaida inazimudu vizuri.

Kwa 1080p, kadi ninayoitaja kwa watu wengi ni RX 6600. Ni ya Oktoba 2021, ina kumbukumbu ya GB 8, inakula wati 132 na inatosheka na waya mmoja wa pini nane. Ukipata RTX 3060 ya GB 12 kwa bei inayokaribiana, chukua, ila hiyo inakula wati 170. RTX 4060 inakula wati 115 tu, ni nzuri sana kwa nyumba zenye umeme wa kubembeleza, lakini GB zake ni 8 na gemu mpya ukiziweka picha za juu zinaanza kuzimaliza. Mwenye pesa zaidi na anayetaka kadi mpya kabisa aangalie RX 9060 XT ya GB 16 iliyotoka Juni 2025.

Nimesema ya GB 16 makusudi, kwa sababu 9060 XT iko pia ya GB 8, na jina ni lile lile. Huu ndio mchezo wa viwanda, na mitumba ndipo unapoumiza zaidi. RTX 3060 ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na ya GB 8 ni dhaifu kwa kazi, si kumbukumbu tu iliyopungua. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 hazilingani hata kwa chipu ndani. RX 580 yenye maandishi ya 2048SP ni RX 570 iliyovalishwa kanzu ya kaka yake. Soma jina lote mpaka mwisho.

Halafu kuna feki kabisa. Kuna kadi kuukuu za zaidi ya miaka kumi zilizobadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Ukiiwasha, Windows inakuambia ni 1050 Ti. Ukicheza gemu, machozi. Dalili ya haraka ni tundu la VGA, lile la bluu: 1050 Ti halisi haina. Dalili ya uhakika ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ikikuta kadi ya namna hiyo inaandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni je? Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Kadi iliyofanya kazi mfululizo kwa joto lisilopandapanda inaweza kuwa na afya kuliko iliyokaa kwa mtu asiyefuta vumbi. Tazama feni kama zinayumba, sikiliza, kisha iwekee kazi nzito nusu saa mbele yako. Picha ikichora madoa au mistari, usisikilize habari ya "ni draiva tu hiyo".

Sasa pawa saplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, nina kovu.

Mashine yangu ya kwanza niliiwekea pawa saplai ya mtumba. Nyuma yake ilikuwa na kiswichi kidogo chekundu, na kwenye kiswichi pameandikwa 115. Sikukitazama. Nchi zenye umeme wa voti 115 zinakiacha hapo, sisi wa 230 tunatakiwa kukisukuma upande wa pili kabla ya kuchomeka. Nikachomeka. Ulilia mlio kama fataki ya mwaka mpya, moshi ukatoka, sakiti breka ikaanguka na mama yangu mdogo akawa amefika mlangoni akiuliza nimeua nani. Mazabodi, ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ilipona kwa bahati. Pawa saplai za kisasa zenye kupokea voti 100 mpaka 240 zenyewe hazina kiswichi hicho, na ndizo pia zinazovumilia jioni umeme unaposhuka taa zikawa kama mishumaa.

La pili: wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni si za kuamini. Geuza usome stika, tafuta mstari wa voti 12, maana kadi na prosesa vinakula huko. Niliwahi kushika moja iliyoandikwa wati 500, na kwenye mstari wa 12V kuna ampea 16. Zidisha: 12 mara 16 ni 192. Nyingine zote zilikuwa hadithi. Hizi ndizo mara nyingi huja bure ndani ya kasha, na ndiyo maana ni bure.

Alama ya 80 Plus inapima ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haipimi kama itakata yenyewe mambo yakiharibika. Hata hivyo anzia daraja la Bronze ya kampuni yenye waranti inayoeleweka, wati 550. Hesabu ya mashine ya RX 6600 na Ryzen 5 5600 ni hii: kadi 132, prosesa ikikimbia sana 76, vilivyobaki tuseme 50. Haifiki 300. Hizo 550 ni nafasi ya kupumua na ya kubadilisha kadi baadaye. Na kwa wanaowaza LUKU: wati 260 kwa saa nne ni kama uniti moja. Pasi na jagi la umeme ndivyo vinavyokumaliza, siyo gemu.

Prosesa sasa, kwa ufupi, kwa sababu hapa ni vigumu kukosea ukishajua toleo. Ryzen 5 5600, Core i5-12400F na Ryzen 5 7600, zote kori sita, zote zinaendesha kadi nilizotaja bila jasho. Tofauti ni unapotaka kwenda kesho. 5600 inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, ya zamani, ya bei poa, na imefika mwisho wa safari. 12400F iko LGA1700, nayo iliishia toleo la 14. 7600 iko AM5, na AMD wameahidi kuendelea nayo angalau mpaka 2027. Kwa hiyo 7600 ndiyo ya mtu anayejenga nyumba ya kuongezea vyumba. Tatizo ni kwamba AM5 inataka RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kizazi cha DDR5 tu, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa dunia nzima kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazikomba. DDR4, ya kizazi cha kabla yake, nayo imepanda, ila ya mtumba bado inapatikana. Leo hii, kwa mwenye pesa ya mawazo, ningesema AM4 bila aibu.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16. Viwili vinafanya kazi sambamba. Ya kuhifadhi mafaili iwe SSD ya NVMe ya TB 1, maana kuna gemu peke yake inakula zaidi ya GB 100. Kasha liwe na wavu mbele hewa ipite. Taa za rangi sina neno nazo, mwanangu anazipenda.

Maswali karibu.

msukuma_kete

Mkuu, ahsante kwa elimu, ila naomba nipinge. Pesa yote hiyo si mtu anunue PS5 akae? Anachomeka, anacheza. Hakuna habari ya kiswichi chekundu wala mama mdogo mlangoni.

Mleta uzi

Hujakosea hata kidogo. Kama unachotaka ni kucheza mpira na washikaji sebuleni, nunua PS5, sitakubishia. Kompyuta inaanza kuwa na maana pale mashine hiyo hiyo itakapofanya kazi nyingine: kuhariri video, shule, kuprogramu, kuchora ramani za nyumba. Na kuna gemu ambazo makazi yake ni kompyuta, kama Counter-Strike 2. Mimi mashine yangu mchana inahariri video za harusi, usiku ndiyo inapigana vita.

Binti wa Likoni

Salaam. Mimi niko Mombasa. Nimeletewa kompyuta ya Dell, OptiPlex 9020, ile nyembamba ya kulala, i5-4590, RAM GB 8, bei ni nzuri mno. Ndugu muuzaji aniambia niongeze kadi tu niwe na mashine ya gemu. Yawezekana? Na huku kwetu chumvi ya bahari yala kila kitu, nyumba yangu si mbali na feri.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam dada. Yawezekana, lakini hapo kwenye neno "tu" ndipo penye shimo.

Ile nyembamba haiingizi kadi ya kimo cha kawaida. Inataka kadi fupi za nusu kimo. Pawa saplai yake ina wati 255 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa wati 75 zinazotoka kwenye tundu lenyewe. Hapo unabaki na GTX 1050 Ti au GTX 1650 za nusu kimo. Muuzaji akikupa RX 6400 kwa sababu inaingia, jihadhari: ile inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na kwenye mazabodi ya zamani kama hiyo inapoteza nguvu. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi, plagi ya Dell kwenye 9020 ni ya pini nane ya kwao wenyewe, siyo ile ya pini 24 ya kila mtu. Adapta zipo, ila kasha lile jembamba halipokei pawa saplai ya kawaida.

Na la mwisho: toleo la nne haliko kwenye orodha ya Windows 11, wanaanzia la nane. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant nayo ukiwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo kama ni ya GTA V na gemu za zamani, na bei ni ya kutupa, sawa. Kama pesa inakaribia nusu ya mashine mpya, subiri. Au tafuta OptiPlex ile nene ya kusimama, ya toleo la nane kwenda juu.

Habari ya chumvi nawaachia mafundi.

fundi_nyundo

Nimo. Miaka kadhaa natengeneza mashine pwani, nimefungua kompyuta nikakuta mende wamejenga mtaa ndani ya pawa saplai. Siyo utani.

Dada wa Likoni, chumvi peke yake haikuhangaishi kama chumvi na vumbi vikikaa pamoja. Vumbi linashika unyevu, unyevu unashika chumvi, miguu ya chipu inaanza kuota kijani. Usiweke kasha sakafuni, usiliweke dirishani. Ukiwa huitumii kwa wiki, iwashe hata saa moja ipate joto ikauke. Na vumbi litoe kwa brashi laini na kipulizio, ukishika feni kwa kidole isizunguke.

Mleta uzi, kwenye kadi za uchimbaji sikubaliani na wewe sana. Nusu saa haitoshi. Nimeona kadi ikimaliza nusu saa salama, na ya pili yake ikazima. Muuzaji akupe siku tatu za kurudisha, iandikwe kwenye risiti. Asiyekubali, basi.

Pia hukusema habari ya UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika.

Mleta uzi

Siku tatu kwenye risiti, nimekubali, hiyo ni bora kuliko yangu.

UPS: ile ya VA 650 si wati 650. Nyingi hutoa kama 360 mpaka 390, na kwa dakika chache. Inatosha kusevu na kuzima, haitoshi kumaliza mechi. Frijigadi nayo watu wanaichanganya na UPS. Frijigadi inakata umeme ukiwa juu au chini kupita kiasi na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha, haihifadhi chochote. Ukiweza kimoja tu, na mtaa wenu umeme unakatika mara kwa mara, anza na UPS.

kijana_wa_tabata

Wakuu shikamooni. Nimefuata uzi mwanzo mwisho. Nimekwenda Kariakoo jana na leo. Nimepata i5-12400F mpya, mazabodi ya B660 ya DDR4, RX 6600 ya mtumba, pawa saplai 550 Bronze ya boksi. GPU-Z imesoma sawa. Muuzaji amekubali siku tatu kwa mbinde. Nimepanga vitu vyote mwenyewe kwa kufuata video. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo kinasema hakuna mawimbi. Nimechanganyikiwa. Nimechoma nini?

fundi_nyundo

Tulia kijana. Kitu kilichoungua huwa kinanuka. Umenusa?

kijana_wa_tabata

Hakuna harufu. Nimetoa RAM nikarudisha. Bado.

Mleta uzi

Marahaba. RAM umeziweka tundu zipi? Ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ni ya pili na ya nne. Pia angalia waya wa pini nane wa prosesa pale juu kushoto, wengi wanausahau. Na kile cha kadi, si kwamba kimegusa tu, kisukume mpaka kilie "tak".

Halafu swali moja: waya wa HDMI umeuchomeka wapi?

kijana_wa_tabata

RAM ziko pili na nne. Waya za umeme zote ziko. HDMI nimeiweka pale juu nyuma ya mashine, jirani na tundu za USB.

fundi_nyundo

😂😂😂

Mleta uzi

Fundi usimcheke, hata wewe ulianzia huko. Kijana, hiyo ni HDMI ya mazabodi. Prosesa yako ina F mwishoni, maana yake haina kichora picha ndani, kwa hiyo tundu hilo ni pambo. Shuka chini, kwenye kadi yenyewe, tundu zilizolala. Chomeka huko.

Ikishawaka ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows), tafuta neno XMP, uliwashe. Usipofanya hivyo RAM yako ya 3200 itatembea kwa 2133 au karibu na hapo, na utakuwa umelipia mwendo usioutumia. Kioo kikiwa cha hezi 144 nenda pia kwenye mipangilio ya Windows ukakiambie, mara nyingi kinaanza na 60.

Binti wa Likoni

Mimi nimemrudishia muuzaji ile nyembamba. Ameniahidi ya kusimama, i5-8500, Jumanne. Namba baada ya kistari nimemlazimisha anitumie picha.

kijana_wa_tabata

Nimehamisha waya. Imewaka.